Magnesiamu stearati baada ya miaka sita ya matumizi: kilainishi hiki kinafaa mchanganyiko gani?

Bidhaa ninayoitathmini hapa haiuzwi kwa matangazo. Ni unga mweupe na mwepesi, unaoteleza kati ya vidole kama poda ya mtoto, unaonunuliwa kwa kilo na kutumiwa kwa gramu, na ambao jina lake husomwa na wachache wenye subira ya kufika mwisho wa orodha ya viambato kwenye karatasi ya dawa. Magnesiamu stearati ndiyo kilainishi kinachotumika zaidi katika utengenezaji wa vidonge. Kwa kawaida huwekwa kati ya asilimia 0.25 na asilimia 1 ya uzito wa mchanganyiko, ingawa vitabu vya fani hutaja hadi asilimia 5. Kwa hiyo kidonge cha miligramu 500 mara nyingi hubeba miligramu 5 au pungufu. Nimeifanyia kazi kwa miaka sita katika kiwanda kidogo cha vidonge jijini Dar es Salaam, nikiwa upande wa kuunda mchanganyiko na si upande wa manunuzi, na hukumu yangu naitanguliza ili msomaji mwenye haraka aondoke nayo: ni kilainishi bora kwa mchanganyiko wenye kiambato kinachovunjika kinapogandamizwa, ni kilainishi cha kuogopwa kwa mchanganyiko uliojengwa juu ya wanga, na anayekinunua kwa kutazama cheti cha ubora peke yake amenunua akiwa na nusu ya taarifa.

Nianze na sifa zake, kwa kuwa zipo na ni za kweli. Kidonge hutengenezwa kwa kumimina unga ndani ya tundu la chuma tunaloliita dai, kisha panchi mbili, ya juu na ya chini, huugandamiza mpaka ushikane. Wazo lenyewe ni la zamani: William Brockedon alilipatia hataza huko Uingereza mwaka 1843, na hataza hiyo ilihusu pia kugandamiza unga wa grafaiti wa penseli. Mgandamizo ukishamalizika, kidonge kimezibana kuta za dai na lazima panchi ya chini ikisukume nje. Hapo ndipo kilainishi kinapohitajika. Siku tuliyojaribu kalsiamu fosfeti bila kilainishi chochote, tukizungusha mashine kwa mkono ili tusiharibu vyuma, mzunguko ulianza kuwa mzito baada ya vidonge vichache tu, chuma kikalia kwa sauti nyembamba ya kukwaruza, na vidonge vilivyotoka vilikuwa na michirizi ya wima ubavuni. Fundi wetu aliiachia mashine kabla sijamwambia neno. Tulipoongeza stearati kwa asilimia 0.5, sauti ile ilikoma na mbavu za vidonge zikatoka laini, zikiwa na mng'ao hafifu. Sijakutana na kilainishi kingine kinachofanya kazi hiyo kwa kiasi kidogo namna hiyo na kwa gharama ndogo namna hiyo.

Tatizo ni kwamba sifa hiyohiyo ya kuteleza ndiyo inayodhoofisha kidonge. Chembe za stearati ni vibamba vyembamba vilivyopangana kama kurasa za daftari, na zinaposuguana na chembe nyingine ndani ya kichanganyio, vibamba hivyo huchubuka na kujipaka juu ya kila kinachokutana nacho. Bolhuis na wenzake wa Groningen, Uholanzi, walilieleza jambo hili mwaka 1975: kadiri unavyoendelea kuchanganya, ndivyo utando wa stearati unavyoenea juu ya chembe za kijazio, yaani unga unaoipa dawa ujazo wa kutosha kuwa kidonge, na ndivyo kidonge kinavyozidi kuwa dhaifu. Aliyewahi kusukuma chapati anauelewa utando huu bila kuhitaji hadubini. Donge husukumwa, hupakwa mafuta, huzungushwa, kisha husukumwa tena, na ingawa limebanwa mara mbili, tabaka zake hubaki zimeachana kwa sababu mafuta yamekaa katikati yake. Kwenye chapati tunalitaka hilo. Kwenye kidonge tunataka chembe zishikane kwa uthabiti wa kuvumilia mashine ya kufungashia, lori la kwenda mkoani, na mkono wa muuguzi anayehesabu vidonge kwenye kisahani.

Kabla ya kusema kidonge kipi ni imara, inafaa tukubaliane tunapima nini, kwa sababu mabishano mengi niliyoyasikia kazini kuhusu ubora wa kilainishi yalikuwa kwa hakika mabishano ya vipimo. Mazoea ni kuweka kidonge kwenye mashine ya kupima ugumu, kusoma nyutoni, yaani nguvu iliyokipasua, au kile ambacho mafundi wakongwe bado wanakiita kilo, na kuishia hapo. Namba hiyo inatosha kufuatilia kidonge kilekile siku hadi siku, lakini haitoshi kulinganisha vidonge vya vipimo tofauti. Fell na Newton walionyesha mwaka 1970 kwamba kwa kidonge cha duara chenye nyuso bapa, kinachopasuka katikati kwa mstari ulionyooka, uimara wa nyenzo yenyewe hupatikana kwa kuzidisha nguvu iliyokipasua mara mbili, kisha kugawanya kwa zao la pai, kipenyo na unene. Chukua nyutoni 100. Kwenye kidonge chenye kipenyo cha milimita 8 na unene wa milimita 3, hizo ni takribani megapaskali 2.65 (kipimo cha nguvu kwa eneo), kwenye kidonge cha milimita 10 kwa 4 ni 1.59, kwenye kidonge cha milimita 12 kwa 5 ni 1.06. Mashine imeonyesha tarakimu ileile mara tatu, ilhali uimara umepungua kwa zaidi ya nusu. Farmakopia ya Marekani, yaani kitabu rasmi cha viwango vya dawa, katika sura yake ya 1062, inataja megapaskali 1.7 kuwa kiwango ambacho kwa kawaida humtosha mtengenezaji, na megapaskali 1 kuwa kinaweza kutosha kwa matoleo madogo, yaani vidonge vichache vinavyotengenezwa kwa mkupuo mmoja, yasiyopitia misukosuko mingi. Mimi huilenga 1.7, na pembeni yake huweka kipimo cha kumeguka: vidonge huzungushwa ndani ya ngoma mara 100 kwa mwendo wa mizunguko 25 kwa dakika, na uzito uliopotea usizidi asilimia 1.

Kwa ajili ya tathmini hii nilichukua vijazio vinne ambavyo mtengenezaji yeyote wa ukanda wetu anaweza kuviagiza: selulosi ya fuwele ndogo ya daraja la chembe za wastani wa mikromita 100, laktosi iliyokaushwa kwa kunyunyizwa, kalsiamu fosfeti yenye molekuli mbili za maji, na wanga wa mahindi uliopikwa nusu. Kila kimoja nilikichanganya na asilimia 1 ya stearati kutoka mfuko mmoja, kwa dakika 2, dakika 10 na dakika 30, nikakigandamiza kwa nguvu ileile na panchi zilezile. Tarakimu za mashine yetu hazihamishiki kwenye mashine ya mwingine, kwa hiyo siziweki hapa. Kinachohamishika ni mpangilio wa matokeo, nao haukuacha nafasi ya ubishi.

Fosfeti haikujali. Vidonge vya dakika 2 na vya dakika 30 vilipasuka kwa mlio mmoja mkavu, na kwenye mashine ya ugumu tofauti yao ilikuwa ndogo kuliko tofauti iliyopo kati ya kidonge na kidonge ndani ya toleo moja. Sababu yake ni nzuri na inafaa kukumbukwa, kwa kuwa ndiyo ufunguo wa kila kinachofuata: chembe za fosfeti ni ngumu na hukatika-katika chini ya panchi, na kila mkatiko hufungua uso mpya ambao stearati haijawahi kuugusa. Utando upo, lakini umebaki kwenye nyuso za zamani, na kidonge kinashikamanishwa na nyuso mpya. Laktosi ilikaa katikati. Sehemu yake huvunjika na sehemu nyingine hulainika, na uimara wake ulishuka hatua kwa hatua bila kuporomoka.

Selulosi ndiyo iliyonifundisha kutokubali maelezo mafupi. Chembe zake hazivunjiki, zinajikunja na kubanana kama nyuzi za godoro la pamba lililokaliwa miaka mingi, kwa hiyo utando wa stearati hausumbuliwi na chochote na unabaki mzima kati ya chembe na chembe. Ukihesabu kwa asilimia, hasara yake kati ya dakika 2 na dakika 30 ni kubwa, na mtu anaweza kuitangaza kuwa haifai. Lakini selulosi huanza ikiwa juu sana, kiasi kwamba hata baada ya kupoteza sehemu kubwa ya uimara bado inabaki na kidonge kinachofungashika. Wanga nao hauna akiba hiyo. Kwa dakika 2 nilipata kidonge laini. Kwa dakika 10 nilikivunja kwa kidole gumba na cha shahada bila kukaza mkono, nacho hakikulia, kilikubali tu kama biskuti iliyokaa wazi usiku kucha msimu wa masika. Kwa dakika 30 baadhi ya vidonge vilibanduka sehemu ya juu vikiwa bado kwenye sahani ya mashine. Wanga hulainika bila kuvunjika kama selulosi, na pia hujirudisha baada ya panchi kuondoka, hivyo viungo vichache vilivyoshikana hupata mvuto wa kuachana papo hapo. Kwa mtengenezaji anayetumia wanga huo kama kijazio kikuu, asilimia 1 ya stearati ni nyingi mno. Robo ya asilimia ndiyo ningeithubutu, na kwa muda mfupi.

Lakini hakuna anayeuza kidonge cha kijazio kimoja, na hapa ndipo mahali ambapo naona wengi wetu tunakosea. Tunachukulia kwamba uimara wa mchanganyiko ni wastani wa uimara wa viambato, kwamba nusu kwa nusu itatoa matokeo ya katikati. Mara nyingi haiwi hivyo. Kidonge ni mtandao, na kiambato kilichofikia wingi wa kutosha kuufanya mtandao wake uende upande hadi upande bila kukatika ndicho kinachobeba mzigo. Kilichobaki kinajaza mapengo, kikisaidia au kikizuia. Ukianza na selulosi tupu na kuongeza fosfeti kidogo kidogo, kuna kipindi ambacho hupotezi uimara mwingi, na wakati huohuo chembe ngumu zinazokatika ndani ya kundi la chembe laini zinakupa nyuso safi na kupunguza ile hali ya kudhoofika kadiri muda wa kuchanganya unavyoongezeka. Ukiendelea kuongeza, selulosi hukatika kuwa visiwa, na kidonge huanza kuwa na tabia za fosfeti: hakijali kilainishi, lakini uimara wake wa mwanzo ni wa chini zaidi na ni kizito mkononi. Mchanganyiko tulioamua kubaki nao, sehemu mbili za selulosi kwa sehemu moja ya fosfeti, haukuwa imara kuliko yote siku ya kwanza. Tuliuchagua kwa sababu ulitusamehe makosa ya dakika.

Jambo la pili katika michanganyiko ni nafasi za hewa. Ryshkewitch na Duckworth, waliokuwa wakishughulika na nyenzo za kauri mwaka 1953, walionyesha kwamba uimara hushuka kwa kasi ya kipeo kadiri matundu ya ndani yanavyoongezeka, na watu wa vidonge wameazima kanuni hiyo tangu hapo. Faida yake kwa mtathmini wa kilainishi ni kubwa. Kidonge kinaweza kuwa dhaifu kwa sababu hakikubanwa vya kutosha, yaani kina hewa nyingi, au kwa sababu kimebanwa vizuri lakini chembe zake hazishikani. Kipimo cha ugumu hakitofautishi hali hizo mbili. Ukilinganisha vidonge vyenye kiasi kilekile cha hewa ndani, hali ya pili hujitokeza wazi, nayo ndiyo alama ya stearati iliyozidi kuchanganywa: uzito uleule, unene uleule, rangi ileile, na uimara uliopungua. Mkaguzi anayepima uzito na unene pekee atalipitisha toleo hilo kwa moyo mweupe. Na mwendeshaji wa mashine, akiona ugumu umeshuka, ataongeza nguvu ya kugandamiza, ambayo haitausogeza utando hata kidogo na mara nyingine itazidisha kubanduka.

Nina lawama moja dhidi ya bidhaa hii jinsi inavyouzwa, na naiandika bila kumtaja muuzaji. Katika mwaka wa nne tulipokea mfuko mpya kutoka kwa yuleyule aliyekuwa akitupatia siku zote. Cheti kilikuwa safi: magnesiamu ilikuwa ndani ya asilimia 4.0 hadi 5.0, asidi ya steariki ilizidi asilimia 40 ya asidi za mafuta, steariki na palmitiki kwa pamoja zilizidi asilimia 90, na upungufu wa kukausha haukufika asilimia 6. Kila kipengele cha farmakopia kilitimizwa. Toleo la kwanza tulilolitengeneza kwa mfuko huo, kwa dakika zilezile na asilimia ileile, lilitoa vidonge laini ambavyo kwenye ngoma ya kumeguka vilitoka na kingo zilizoliwa, na chini ya ngoma kukabaki unga wa kuandikia jina. Tulitumia siku mbili tukiwatuhumu watu wa kukaushia chenga, yaani punje za unga ulioshikanishwa kabla ya kupigwa vidonge, mpaka mwenzangu mmoja wa maabara alipoiweka mifuko miwili sambamba na kuchota kijiko kutoka kila mmoja. Ule wa zamani ulikuwa na chembechembe zilizosikika kidogo ukiusugua. Mpya ulikuwa laini kama moshi na ulipanda hewani ulipoguswa. Ilikuwa stearati ileile kwa cheti, lakini yenye chembe ndogo zaidi, hivyo yenye eneo kubwa zaidi la uso kwa kila gramu, na gramu zilezile ziliweza kufunika chembe nyingi zaidi za kijazio. Viwango vya lazima vya farmakopia havimfungi kila muuzaji kwa ukubwa wa chembe wala kwa eneo la uso. Havimfungi pia kwa idadi ya molekuli za maji zilizokaa ndani ya fuwele, ilhali stearati isiyo na maji na zile zenye molekuli moja, mbili au tatu za maji hazilainishi kwa namna moja. Mnunuzi asipoyaomba haya kwa maandishi, hatapewa, na muuzaji hatakuwa amevunja mkataba wowote.

Suala la muda wa kuchanganya linastahili neno la ziada, kwa kuwa dakika 3 zinazoandikwa kwenye karatasi ya utengenezaji si kipimo kamili. Chembe hazijui dakika. Zinajua ni umbali gani zimesuguana. Kichanganyio kikubwa, kwa mizunguko ileile, huzibiringisha chembe mwendo mrefu zaidi na kwa uzito mkubwa zaidi juu yake kuliko kile cha lita chache cha maabara, na kichanganyio kilichojaa sana huzipa nafasi ndogo ya kusogea. Kushner na Moore, mwaka 2010, waliunganisha ukubwa wa kichanganyio, nafasi iliyoachwa wazi juu ya unga na idadi ya mizunguko katika hesabu moja ya kukadiria ni kiasi gani uimara utapungua ukihama kutoka maabara kwenda kiwandani, na tangu tuanze kuandika mizunguko na ujazo badala ya dakika, matoleo yetu makubwa yamefanana zaidi na yale ya majaribio. Bado kuna msuguano ambao watu husahau kuuhesabu: makasia ya kulishia unga kwenye mashine ya kupigia vidonge nayo huchanganya, na unga uliosimama hapo wakati mashine inazunguka bila kutoa mzigo hutoka ukiwa umelainishwa kupita kiasi. Vidonge vya mwanzo baada ya kila kusimama tunavitenga.

Utando huohuo unachukia maji, na hili linamhusu mgonjwa moja kwa moja. Kuna jaribio jepesi ambalo huwaonyesha wanafunzi wanaokuja kwetu kwa mafunzo ya vitendo: weka tone moja la maji juu ya kidonge cha wanga kilichochanganywa dakika 2, na lingine juu ya kilichochanganywa dakika 30. La kwanza hunywewa mara moja na kuacha doa. La pili hukaa limeviringana kama tone juu ya jani la gimbi, na unaweza kuinamisha kidonge likatembea. Farmakopia ya Ulaya inataka kidonge kisicho na gamba kisambaratike ndani ya dakika 15, na kidonge kinaweza kushindwa sharti hilo huku kikiwa dhaifu kwenye ngoma, jambo linalowashangaza wengi wanaodhani kwamba kidonge laini husambaratika haraka. Kinachosaidia ni kutumia kisambaratishi kinachovimba kwa nguvu, kama sodiamu ya wanga glikolati au kroskameloso, ambacho uvimbe wake huupasua utando. Wanga wa kawaida, unaovimba kidogo, huzidiwa. Silika laini nayo ni rafiki mzuri, kwa kiasi cha asilimia 0.1 hadi 0.5: ikichanganywa na kijazio kabla ya stearati kuingia, huivuta sehemu ya stearati kwake na kupunguza kiasi kinachojipaka juu ya kijazio. Nimeiona ikiokoa mchanganyiko wa selulosi na laktosi uliokuwa karibu kukataliwa. Mpangilio wa kuingiza viambato una uzito sawa na kiasi chake, na stearati iwe ya mwisho daima.

Nimelinganisha na vilainishi mbadala vitatu. Sodiamu stearili fumarati, inayotumika kati ya asilimia 0.5 na 2, ndiyo mshindani wa kweli. Haichukii maji kwa kiwango kile, haihangaiki sana na muda wa kuchanganya, na kwenye mchanganyiko wa wanga tofauti yake na stearati ilionekana kwa mkono mtupu: vidonge vya dakika 10 vililia vilipopasuka. Kasoro yake ni bei, na kwa kidonge kinachouzwa kwa shilingi chache kasoro hiyo ni nzito. Asidi ya steariki, kwa asilimia 1 hadi 3, inalainisha kwa unyonge zaidi, lakini siwezi kuiacha pale dawa inapoharibiwa na hali ya kialkali ya magnesiamu. Aspirini ni mfano unaojulikana: ukifungua chupa ya vidonge vyake vilivyohifadhiwa vibaya utapata harufu ya siki, na stearati ya magnesiamu huharakisha uharibifu huo. Gliserili behenati ni laini na tulivu, nimeitumia mara chache tu, nayo haikunipa sababu ya kulalamika wala ya kubadili mazoea.

Kuna swali ambalo wateja wa pwani na Zanzibar huuliza, na wana haki ya kujibiwa kwa uwazi: mafuta yanayotoa asidi hizi yanaweza kuwa ya mimea au ya wanyama, na unga wenyewe hauwezi kukuambia. Stearati ya asili ya mimea ipo sokoni, hulainisha vizuri, na tamko la asili yake linapaswa kuambatana na kila mfuko. Ukibadili asili, chukulia kwamba umebadili kiambato: mgawanyo wa steariki na palmitiki unaweza kuhama, na chembe zake pia, kwa hiyo jaribio la dakika 2, 10 na 30 lirudiwe.

Kwa hiyo stearati inabaki kwenye rafu yetu. Kwa michanganyiko ya selulosi na fosfeti, na ile ya laktosi na selulosi yenye silika, sioni sababu ya mtengenezaji wa ukubwa wetu kulipa zaidi. Kwa parasetamoli, ambayo fuwele zake hazishikani vizuri na hujaza sehemu kubwa ya kidonge kiasi cha kuacha nafasi ndogo ya kijazio, tunatengeneza kwanza chenga kwa gundi ya povidoni, kisha tunaweka stearati nje ya chenga kwa kiwango cha chini kabisa ambacho mashine inakubali bila kulia. Chenga zinapovunjika chini ya panchi hufungua nyuso mpya, na ndiyo maana chenga zisikaushwe mpaka zikakosa ulaini wa kushikana, wala zisiachwe na unyevu mwingi zikaganda kwenye panchi. Kwa vidonge viwili ambavyo kijazio chake kikuu ni wanga, nimeomba tuhamie kwenye fumarati, na meneja wetu amekubali kimoja kwa majaribio.

Oda yetu ya sasa ya stearati ina mistari mitatu ambayo ya zamani haikuwa nayo: eneo la uso kwa gramu na mipaka yake ya juu na ya chini, hali ya maji ndani ya fuwele, na asili ya mafuta. Muuzaji wa kwanza tuliyempelekea alisema hakuna mteja mwingine anayemwomba hayo. Wa pili aliyatuma baada ya wiki moja, pamoja na sampuli ya gramu 500, ambayo sasa ipo kwenye kichanganyio cha maabara ikisubiri mzunguko wa dakika 30.